Jirani yangu anaamini nimepotea

Mbuzi wa kipaimara cha binti yangu nilimnunua Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, nikamleta Nkuhungu kwa bodaboda, nikamfunga kwenye mwarobaini. Jumapili kabla hakujapambazuka nilimgongea jirani yangu, mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, aje anichinjie. Alikuja na kisu chake mwenyewe kimeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Kisu changu hakiamini, na ana haki, maana aliwahi kunikuta uani nakaanga kitimoto.

Shemeji zangu wawili walishika miguu. Mzee akamlaza mbuzi kwa ubavu wa kushoto, akamwelekeza kaskazini, kisha akamsogeza kidogo upande wa mashariki, iliko kibla ukiwa Dodoma. Bismillahi, Allahu Akbar. Damu ikaingia kwenye shimo. Tulipokuwa tunachuna nikamuuliza, kwa utani tu, anaionaje ibada yetu ya siku hiyo. Hakuinua hata macho. "Mwanangu, mnakosea. Kusema Mungu ana mwana ni kosa kubwa sana. Hebu shika huo mguu vizuri."

Mchana akaja na mkewe, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikanyooka, wakakaa mstari wa mbele chini ya turubai. Walikula, wakampa binti bahasha, wakaondoka kuwahi swala ya alasiri.

Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu hapa Dodoma alikuwa ameyasikia yale maneno ya asubuhi, na hakuyapenda. "Mjomba, yule mzee ana ubaguzi. Kama anaamini tumepotea, basi yeye hatuvumilii sisi." Nilimjibu ovyo kwa sababu wageni walikuwa wengi na soda zilikuwa zinaisha. Lakini sentensi yake imenikaa kichwani, kwa sababu naisikia kila mahali siku hizi, tena kwa watu wenye nia njema kabisa. Nadhani imekosea pabaya.

Tuanze na neno lenyewe. Tunavumilia nini katika Kiswahili? Jino linalouma. Njaa. Jua la Oktoba na vumbi la Dodoma linaloingia hadi kwenye chumvi. Mke anavumilia mkoromo wa mumewe. Hakuna mtu anayesema "naivumilia hii pilau" bila mpishi kununa. Kwa hiyo kuvumilia ni lazima kuwe na kitu kinachokukera, au unachokiona kibaya au cha uongo, na wewe una uwezo wa kukipinga kwa nguvu, kisha unaamua kutofanya hivyo. Ukiondoa kile kinachokera, uvumilivu nao umeondoka. Jirani yangu angekuwa anaona Ukristo ni sawa tu na Uislamu, asingekuwa na cha kunivumilia. Angekuwa ananiafiki, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Mkanganyiko nadhani unaletwa na neno "kukubali". Hili ni gunia linalobeba kila kitu. Mshitakiwa anakubali kosa. Binti anakubali posa. Kijana wa mtaani akikuambia "nakukubali, kaka" anakusifia. Na mtu aliyeshindwa hoja anasema "haya, nimekubali" huku moyoni hajakubali chochote, anataka tu mjadala uishe. Basi ukimwambia Mtanzania "tukubali dini za wenzetu", yupi kati ya hao unamtaka awe? Yule anayeacha watu waabudu kwa amani, au yule anayesema wanachoabudu ni kweli? Wahubiri wetu wa amani hawatuambii. Afadhali Bunge letu hapa, likikubali mkataba wa kimataifa linasema "linaridhia", na kila mtu anajua kwamba kuanzia hapo nchi imejifunga. Mimi sijaridhia Uislamu, na jirani yangu hajaridhia Utatu Mtakatifu. Tunakaa ukuta kwa ukuta.

Msomaji Mwislamu huenda ameshaikumbuka Sura ya Makafiri, ile ya 109. Kwenye makongamano ya amani aya yake ya mwisho husomwa sana: nyinyi mna dini yenu, nami nina dini yangu. Inasomwa kwa sauti ya upole, watu wanapiga makofi, mchungaji naye anatikisa kichwa. Lakini sura ni fupi, aya sita tu, na aya tano za mwanzo hazina upole wa namna hiyo. Zinaanza kwa kuwaita wasikilizaji makafiri, kisha zinarudia na kurudia kwamba siabudu mnachoabudu, wala nyinyi hamuabudu ninachoabudu. Ndipo inakuja ile ya kila mtu na dini yake. Ukiikata ile ya mwisho peke yake inakuwa kama baraka. Ukiisoma yote, ni mtu anayesema: hamko sahihi, nami sitawafuata, na mbaki na yenu. Sijawahi kusikia uvumilivu ukielezwa kwa maneno machache kuliko hayo, na kafiri anayezungumziwa humo, kwa jicho la jirani yangu, ni mimi.

Upande wetu kuna Paulo, na nitamrudia, kwa sababu mama yangu anamtumia jikoni.

Kwa habari ya sheria, mambo yako wazi kuliko tunavyoyafanya. Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Huwezi kukuta humo sentensi inayosema dini zote ni za kweli, wala kwamba zote ni nzuri. Dola isiyo na dini itaidhinishaje dini? Itasemaje kwamba Walutheri wako sawa kuhusu meza ya Bwana na Wakatoliki hawako sawa, au kinyume chake? Kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayepigwa mawe njiani akienda huko au akitoka.

Angalia mahakamani. Shahidi akipanda kizimbani anaulizwa dini yake, na watu wengine hukerwa na swali hilo, hasa ukikumbuka kwamba sensa yetu haijauliza dini tangu mwaka 1967. Lakini mahakama haiulizi ili ijue nani anaelekea peponi. Inataka kujua ikupe Biblia, ikupe Kurani, au uthibitishe bila kitabu. Baada ya hapo ushahidi wako unapimwa kama wa mwingine yeyote.

Au ichukue hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 2013 kuhusu wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa, baadhi yao wakafukuzwa shule. Walalamikaji walikuwa 127. Mahakama Kuu ilikuwa imewakatalia, wakakata rufaa, wakashinda. Mimi naupenda wimbo wa taifa, na ukipigwa nasimama wima hata kama niko peke yangu na redio. Naona hoja ya wale watoto, kwamba kuimba ni aina ya ibada, ni ya kukuza mambo. Na majaji hawakuhitaji kukubaliana nao kuhusu tafsiri ya Maandiko. Swali lililokuwa mbele yao lilikuwa dogo na gumu zaidi: mtoto aliyesimama kwa adabu, asiyefanya fujo, afukuzwe shule kwa sababu mdomo wake umefungwa? Mtu anayesubiri kwanza akubaliane na Mashahidi ndipo atetee haki yao atasubiri hadi uzeeni, na watoto watakuwa wameshakosa shule.

Sasa geuza shilingi, kwa sababu kosa la mpwa wangu lina pacha wake, na huyu pacha ndiye mbaya. Mpwa anasema: ukinivumilia lazima uniafiki. Pacha anasema: kwa kuwa sikuafiki, sina haja ya kukuvumilia. Nilikutana naye mwaka 2018, wakati serikali inahamia Dodoma na vyumba vya kupanga vimekuwa dhahabu. Mwenye nyumba mmoja alinionyesha vyumba viwili na jiko, tukaelewana kodi ya miezi sita, na wakati natoa simu nimtumie akauliza, "Samahani, dini gani?" Nikamwambia. Akasema vyumba vimeshapata mtu. Alikuwa mwungwana, hata soda alininunulia. Najua Wakristo waliofanyiwa hivyo na Waislamu, na Waislamu waliofanyiwa hivyo na Wakristo wenzangu, kwa hiyo sitasema alikuwa wa upande gani. Hakuna aliyemtaka mwenye nyumba yule asali nami. Nilichotaka ni funguo.

Vipaza sauti vya usiku navyo huingizwa humu, kimakosa. Mkesha wenye spika nne chini ya banda la mabati unanikera mimi niliye Mkristo sawasawa na unavyomkera Mwislamu, na disko la baa ya barabarani nalo ni hivyo hivyo. Hizo ni kelele. Zipimwe kama kelele, tuendelee.

Kuchinja ni kuzito zaidi. Mwezi Februari 2013, kule Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa kwa watu ulifika mahali mchungaji akauawa. Kwa miaka mingi nchi hii ilikuwa na mazoea tu: Mwislamu achinje, ili wote wale. Ulikuwa ukarimu, na ukarimu huo ndio niliouendeleza mimi na yule mbuzi wa Msalato. Lakini wakati ule walijitokeza Wakristo waliosema dua ya mchinjaji inafanya nyama iwe sehemu ya ibada wasiyoiamini, na kula ni kushiriki. Waislamu wakajibu kwamba nyama isiyochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu ni haramu kwao. Nikisikiliza pande zote mbili sioni mwongo. Kila mmoja anasema kweli kuhusu imani yake.

Tatizo lilianza pale kila upande ulipotaka mwenzake akiri. Mkristo akitaka bucha lake lionekane ni la kawaida kama mabucha mengine, Mwislamu anaambiwa kwa vitendo kwamba kuchinja kwake hakuna maana. Na mazoea ya ukarimu yakigeuzwa amri, Mkristo yule anaambiwa kwa vitendo kwamba dhamiri yake ni upuuzi. Kwa maoni yangu bucha linahitaji kibao cha ukweli mlangoni kinachosema nani amechinja, na muuzaji ambaye hakidanganyi kibao chake. Mlaji atachagua mwenyewe. Watu wengine wataona hilo linatugawa, na siwezi kukana kwamba mtaa wenye mabucha mawili unapendeza kidogo kuliko wenye bucha moja. Ila nyumbani kwangu mgeni wangu ale, na kwa hiyo mzee ataendelea kuja na kisu chake.

Mwenye kutaka kuona jambo hili likiwa gumu kweli apande gari la Kondoa, ashuke Kolo. Michoro ya miambani ya huko iliingizwa kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka 2006: mapango na miamba zaidi ya 150, mingine ikiwa na michoro yenye maelfu ya miaka. Lakini Mungumi wa Kolo si makumbusho tu. Wapo watu wanaokwenda pale mpaka leo kwa matambiko, kuomba mvua na kuponya, na UNESCO yenyewe ilizitaja mila hizo kuwa sehemu ya thamani ya eneo. Warangi walio wengi ni Waislamu. Ukimuuliza jirani yangu kuhusu Mungumi atakuambia ni ushirikina, tena kwa sauti nzito kuliko anayoitumia kunihusu mimi, maana mimi walau nina kitabu. Mchungaji wangu naye atakuambia vivyo hivyo. Hapo wawili hao wanakubaliana kuliko mahali pengine popote.

Na bado hakuna kati yao ambaye angekwenda kumzuia mzee wa mila asipande na kibuyu chake mvua ikichelewa. Ubishi uliopo unahusu pombe ya mtama. Katika matambiko hayo pombe humwagwa miambani, na watunzaji wa mambo ya kale wanaona michoro ikiharibika. Hapo nami nasimama na watunzaji. Sijali kama wenye tambiko wanaamini wahenga wanasikia au hawasikii. Najali rangi inayochujuka, na ningejali vilevile kama angekuwa padre anayerusha maji ya baraka. Wamwage pembeni, chini ya mwamba, na tambiko liendelee. Anayesema "wazuiwe kwa sababu ni mapepo" amehama kutoka kwenye rangi kwenda kwenye imani, na huko hana mamlaka, hata kama mimi na yeye na jirani yangu tunakubaliana kuhusu mapepo.

Ile kauli inayopendwa kwenye majukwaa, "sote tunamwabudu Mungu mmoja", ndiyo inayomwacha nje mzee huyu wa Kolo. Inamwacha nje pia Mhindu wa Uhindini mwenye duka la vipuri, na yule rafiki yangu fundi seremala asiyeamini lolote, anayejiita mpagani kwa kucheka. Ni kauli nzuri ya kufungulia mkutano. Lakini kama amani yetu imesimama juu yake, basi siku atakapotokea mtu asiyeabudu huyo mmoja atakuwa hana pa kusimama. Mimi napendelea amani ambayo haihitaji tufanane mbinguni.

Nakiri kwamba uvumilivu peke yake ni chakula cha baridi. Mjomba wangu wa Chamwino, mzee wa kanisa, alikuwa na binti aliyebadili dini akaolewa na kijana Mwislamu. Alikataa kwenda kwenye ndoa. Ukoo ulipokaa, wapo waliotaka binti atengwe, asikanyage kwao. Mjomba akasimama na kusema, "Mimi sibariki, na msinibembeleze nibariki. Lakini nikisikia mtu wa ukoo huu kamtukana mwanangu au kamfungia mlango, tutaonana." Mjukuu wa kwanza alipozaliwa alipanda baiskeli na debe la unga wa uwele kwa ajili ya uji wa mzazi, akakaa kwa mkwewe siku nzima.

Binafsi naona alifanya lililokuwa ndani ya uwezo wa dhamiri yake, na zaidi ya wengi. Lakini binti mwenyewe aliniambia baadaye kwamba angetoa debe zote za uwele za Chamwino ili baba yake aonekane kwenye picha moja ya harusi. Sikuwa na la kumjibu. Ibara ya 19 ilimpa haki ya kubadili dini bila kuguswa, na baba yake aliilinda haki hiyo mbele ya wanaume waliokuwa wamekasirika. Picha haikuwa kwenye Ibara. Yeye alikuwa anataka baba, na mimi ninazungumzia raia, na mara nyingine watu hao wawili wanakaa kwenye nyumba moja.

Sasa nimrudie Paulo. Mama yangu anaishi nasi. Ni Mwanglikana wa uamsho wa zamani, wa kutubu hadharani na kuimba hadi usiku. Yule mbuzi wa kipaimara alimla bila shida, kwa sababu kwake ni kitoweo, na Paulo katika Wakorintho wa Kwanza sura ya 10 anasema kile kinachouzwa sokoni kuleni bila kuuliza-uliza. Nyama ya Idd el-Haji ni habari nyingine. Imeshatajwa kuwa ni sadaka, na katika sura ile ile Paulo anasema ukiambiwa kitu kimetolewa sadaka, usile. Nimemweleza mara nyingi kwamba Paulo alikuwa anazungumzia sanamu, na jirani yetu anachukia sanamu kuliko hata yeye. Hasikii. Jirani naye anajua habari hii, na ameshaniambia kwamba mama yangu amemwelewa vibaya Ibrahimu, amemwelewa vibaya Mungu na sasa amemwelewa vibaya hata mbuzi.

Idd iliyopita mjukuu wake alibisha hodi saa saba mchana amebeba hotipoti mbili. Kubwa ilikuwa ya pilau, nyama imejaa juu. Ndogo ilikuwa na wali wa nazi na mbaazi. "Babu amesema hii ndogo ni ya bibi," akaniambia, huku akikumbuka maneno kwa shida kama aliyekaririshwa. "Amesema mwambie haijagusa nyama. Hata mwiko walitumia mwingine."